Sura ya Saba: Karani Hajafika Kijijini

Kijiko kilikuwa kimelala usiku kucha kando ya mtaro, kata ya Mahege, wilayani Kibiti, minyororo yake imezama nusu kwenye tope jeusi. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado unachuruzika kwenye kioo cha kabini. Nilimwamkia opereta, mzee aliyeanza kazi enzi za mitambo isiyokuwa na skrini hata moja. Akaitikia marahaba, akafungua swichi bila kupiga stata. Taa nyekundu ikapepesa, na kipimo cha joto la maji ya rejeta kikaandika nyuzi 108.

"Umeona mwanangu? Imeamka na homa."

"Kila siku hivi, mzee?"

"Kila siku. Inawaka, lakini haina nguvu, inanyong'onyea tu. Ikifika saa nne, saa tano, homa inashuka yenyewe, tunachapa kazi. Sensa imekufa hii. Wameshabadilisha mbili."

Mwenye mtambo alikuwa Dar es Salaam, karibu kilomita 140 kutoka Kibiti mjini, na simu yake iliita kabla sijafungua kisanduku cha vifaa. "Fundi, we niambie namba ya spea tu. Niko Gerezani hapa, nanunua sasa hivi naipakia kwenye basi."

Nilimwomba dakika kumi. Nikapanda juu ya mtambo, nikaweka kiganja kwenye bloku ya injini. Baridi kama mtungi.

Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha, na sikuwa nimetoa hata mita mfukoni. Injini iliyozimwa jana magharibi haiwezi kuamka na nyuzi 108. Mtambo uliolala usiku kucha huwa na joto la usiku huo, kila mahali: maji ya rejeta, mafuta ya haidroliki, hewa inayoingia kwenye injini. Nilifungua kurasa za skrini moja baada ya nyingine. Mafuta ya haidroliki, nyuzi 25. Hewa, 24. Maji, 108. Mashahidi watatu wamelala chumba kimoja, wawili wanasema kulikuwa na baridi, mmoja anasema kulikuwa na moto. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na kinataka jambo moja tu: fundi awahi kabla opereta hajawasha injini. Ukifika saa nne umeshachelewa, ushahidi umefutika.

Neno lenyewe, sensa, linatuchanganya kidogo. Ukilitaja kijijini, watu wanakumbuka Agosti 23, 2022, karani na kishikwambi chake akiuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo. Mimi sioni kuwa mkanganyiko huo ni mbaya. Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wa gereji kazi ya sensa ya mtambo kwa kutumia karani huyohuyo, na wanaelewa haraka kuliko kwa mchoro.

Tuseme karani ametumwa kwenye kijiji cha ndani ya delta ya Rufiji. Siku hiyo bamvua imejaza mikono ya mto, mtumbwi hakuna, na jioni kule makao makuu kishikwambi hakionyeshi kitu. Je, msimamizi ataandika kwamba kijiji kimehama? Akiandika hivyo atafukuzwa kazi. Mambo yanayoweza kutokea ni matatu. Pengine karani hajafika au hajarudi, njia imekatika. Pengine karani amefika, akahesabu sawasawa, lakini namba imeharibikia njiani. Na pengine namba ni ya kweli, kijiji kweli kimekumbwa na balaa. Karani mwenyewe kuwa amekufa ni jambo la nne, linatokea, lakini siyo la kwanza kulifikiria. Mafundi wengi wa mitambo huanza na hilo la nne na kuishia hapohapo.

Kompyuta ya injini ni msimamizi aliyekaa mbali. Haioni maji, haioni mafuta, haijui kama bakuli liko juu au chini. Inachopata ni volti tu kwenye waya mwembamba.

Delta ya Rufiji ina kumbukumbu ya kazi ya namna hiyo, ya kutegemea habari bila kuona. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya mikono ya mto huu. Julai 1915 Waingereza walileta meli mbili zisizohitaji kina kikubwa, Severn na Mersey, ambazo mizinga yake ilipiga juu ya mikoko bila kuiona shabaha hata kidogo. Aliyeiona alikuwa mwangalizi ndani ya ndege, akituma kwa redio taarifa ya mahali kombora lilipoangukia. Tarehe 6 walishindwa. Tarehe 11 walirudi, na manowari ikaishia pale mtoni. Mizinga ilikuwa na nguvu tele, lakini bila ile taarifa kutoka angani ingeendelea kupiga tope. Kijiko cha tani 20 nacho ni hivyo: kina nguvu ya kung'oa mnazi, lakini kikipewa habari mbaya na kifaa kidogo kama kidole gumba, kinalegea.

Sasa tuiangalie habari yenyewe. Sensa ya msukumo, ile ya pampu ya haidroliki au ya mafuta ya injini, kwa kawaida ina nyaya tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja ni hasi, na wa tatu unarudisha jibu. Jibu hilo halianzi sifuri wala halifiki 5. Katika sensa nyingi linaanzia volti 0.5 na kuishia 4.5. Kama sensa imetengenezwa kupima hadi megapaskali 50, basi 0.5 ni sifuri, 2.5 ni megapaskali 25, na 4.5 ni 50 kamili. Kwa nini wahandisi walibakiza kipande huku na kipande kule? Waliviacha makusudi, viwe uwanja wa makosa. Jibu likishuka chini ya 0.5 au likipanda juu ya 4.5, kompyuta inajua kwamba hiyo si habari ya pampu tena, ni habari ya waya. Hakuna msukumo wowote duniani unaoweza kuifanya sensa nzima iseme volti 0.1.

Ndiyo maana kwenye mitambo inayotumia lugha ya J1939, ile ya chama cha wahandisi cha SAE cha Marekani, kosa huja na namba mbili. Ya kwanza, SPN, inataja kinachopimwa: 100 ni msukumo wa mafuta ya injini, 110 ni joto la maji ya rejeta. Ya pili, FMI, inataja aina ya kosa, na hii ndiyo ambayo mafundi hawaisomi. FMI 1 maana yake habari ni halali na kiwango kimeshuka mno. FMI 0, habari ni halali na kiwango kimepanda mno. FMI 3, volti iko juu kupita mipaka. FMI 4, iko chini kupita mipaka. FMI 5, umeme haupiti inavyotakiwa, mara nyingi waya umekatika. Watengenezaji wengine wana herufi na namba zao wenyewe, lakini mgawanyo ni uleule.

Tofauti ya 1 na 4 inaweza kuokoa injini. SPN 100 na FMI 4 ni karani asiyerudi: angalia waya. SPN 100 na FMI 1 ni karani amerudi, amekaa, anasema mafuta hayana msukumo. Huyo msikilize. Zima injini, funga geji ya mkono mahali pa sensa, uone mwenyewe. Nimeona injini iliyokwama beringi kwa sababu fundi alisema "hizi sensa za siku hizi zinasumbua", akaichomoa plagi, taa ikazimika kwa ujanja wa waya aliouunganisha, na kazi ikaendelea siku mbili. Ya tatu haikufika.

Kijiko cha Mahege kilitoa SPN 110 na FMI 0. Kwa kanuni niliyoitoa sasa hivi, habari halali, injini imechemka. Na injini ilikuwa baridi kama mtungi. Hapo namba ya kosa inafika mwisho wa elimu yake. Kompyuta inajua tu kwamba volti iko ndani ya mipaka. Haijui kwamba volti hiyo imechezewa njiani.

Sensa ya joto la maji ni rahisi kuliko ya msukumo. Ina nyaya mbili, na ndani yake kuna kipande ambacho ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Katika aina iliyoenea, kwenye nyuzi 20 hivi utapima omu 2,000 na kitu, na maji yakichemka utapima kama 200. Kompyuta huleta volti 5 kupitia rezista iliyo ndani yake, kisha inaangalia zimebaki ngapi. Ukinzani mkubwa, volti nyingi, baridi. Ukinzani mdogo, volti chache, joto. Sasa fikiria tone la maji ya chumvi limekaa kati ya pini mbili za plagi. Umeme unapata njia ya pili, ya mkato, ukinzani wote kwa pamoja unashuka, na kompyuta inasoma joto ambalo halipo.

Nikachomoa plagi ya sensa. Kama waya na plagi vingekuwa vizima, kompyuta ingepaswa kuona baridi ya kutisha, nyuzi 40 chini ya sifuri, au kutoa kosa la volti kupita juu, kwa sababu hakuna tena kitu kinachounganisha nyaya zile mbili. Skrini ikashuka hadi 96. Sensa iko mkononi mwangu, plagi inaning'inia hewani, na mtambo bado unadai maji yana joto la nyuzi 96. Nikamwita mzee aje aone. Aliangalia skrini, akaangalia kile kifaa mkononi mwangu, akacheka kicheko kifupi. "Kumbe tunamwua asiye na kosa."

Kipimo hicho cha kuchomoa kina ndugu yake, kufunga. Chukua kipande cha waya, unganisha pini mbili za plagi ya sensa ya joto, upande wa kompyuta. Skrini inapaswa kuruka kwenda joto la juu kabisa au kosa la volti kupita chini. Ikiwa ukichomoa inaonyesha baridi na ukifunga inaonyesha joto, basi njia yote ni nzima, na hapo una haki ya kusema sensa imekufa. Kwa sensa ya nyaya tatu usijaribu hivyo kabla ya kujua kila pini ni ya nini. Na volti 24 za betri zisiguse nyaya hizi kwa namna yoyote. Kuna wanaopima waya wa sensa kwa balbu iliyofungwa kwenye betri. Balbu inawaka vizuri, na kompyuta ya mamilioni inaungua kimyakimya.

Niliangaza tochi ndani ya plagi. Pini zilikuwa na ile kutu ya kijani ambayo kila fundi wa pwani anaijua kwa harufu. Mpira wa kuzuia maji haukuwepo. Fundi wa kwanza au wa pili aliuangusha alipobadilisha sensa, na aliona ni kijipira tu. Kijiko kilikuwa kimetoka kufanya kazi ndani zaidi ya delta, kunakofika maji ya bahari, na kikaoshwa hukohuko kwa pampu yenye msukumo mkali. Chumvi ikabaki kwenye plagi. Mama yeyote wa Rufiji anajua chumvi ya jikoni inavyolowana wakati wa masika bila mtu kuimwagia maji. Hunywa unyevu wa hewani. Usiku umande ukishuka, chumvi ya kwenye plagi inalowa na kupitisha umeme. Injini ikifanya kazi kwa saa tatu au nne, hata kwa kunyong'onyea, joto lake linakausha plagi, na homa inashuka yenyewe.

Bado kuna swali ambalo mwenye mtambo aliniuliza, na lilikuwa swali zuri. Kama sensa haikuwa na kosa, mbona kila walipoibadilisha mtambo ulipona? Kweli ulipona, siku tatu mara ya kwanza, siku nne mara ya pili. Ulipona kwa sababu, ili kubadilisha sensa, lazima uchomoe plagi. Fundi akaichomoa, akaipangusa na kitambaa, akapuliza kwa mdomo, akaichomeka kwa nguvu. Kilichotibu ni kile kitambaa. Sensa ilipata sifa isiyo yake, kama mganga anayempa dawa mgonjwa siku ambayo homa ilikuwa inashuka. Naamini nusu ya sensa zinazotupwa kwenye vyuma chakavu kati ya Mbagala na Somanga ni nzima, ingawa hakuna aliyezihesabu.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi ndefu. Toa hasi ya betri. Osha plagi kwa maji safi yasiyo na chumvi kwanza, maana dawa ya kusafishia plagi huondoa mafuta lakini chumvi huondolewa na maji. Kisha dawa, kisha hewa, kisha jua. Nilikata waya nyuma ya plagi, nikakuta shaba nyeusi. Nikakata tena, bado nyeusi. Maji hupanda ndani ya waya kama mafuta ya taa kwenye utambi, na kuunga waya mweusi ni kujenga juu ya mchanga. Sentimita 18 kutoka kwenye plagi nikaipata shaba inayong'aa, na hapo pia nikakuta kitundu kidogo cha sindano: kuna fundi alidunga ganda la waya ili apime volti. Usidunge. Pima kwa nyuma ya plagi, kwa kipini chembamba kinachopita kando ya mpira. Kitundu cha sindano pwani ni mlango wa chumvi, na haufungwi kwa tepu ya umeme, ambayo kwenye joto la injini huachia gundi na kuning'inia. Tumia mpira unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani.

Kabla sijaondoka nilipima mengine, kwa kuwa mtambo wenye chumvi mahali pamoja una chumvi pengine. Betri mbili zilisoma volti 25 na nukta mtambo ukiwa umezimwa, 28 injini ikiwaka. Pengine ningeanza na hapo. Betri dhaifu huleta makosa kumi ambayo hayapo, hasa wakati wa kupiga stata, na fundi asiyepima betri atayafuata yote kumi. Hasi ya sensa dhidi ya hasi ya betri, swichi ikiwa wazi, ilikuwa chini ya volti 0.1, vizuri. Nyaya mbili zilizosokotwa ambazo kompyuta huzitumia kuzungumza zilisoma omu 60 betri ikiwa imetolewa, kama inavyotakiwa, kwa sababu kila mwisho una rezista ya omu 120. Ukipata 120, ujue upande mmoja umekatika.

Jambo moja zaidi, halikuwepo Mahege ila nakutana nalo kila msimu. Ukiona makosa manne ya sensa yanaingia kwa dakika moja, usinunue sensa nne. Makarani wanne hawafi siku moja isipokuwa wamepanda mtumbwi mmoja. Mtumbwi huo ni ule waya wa volti 5, ambao sensa kadhaa huugawana. Mmoja akipiga shoti, au panya akitafuna ganda mahali waya unapogusa chuma, volti 5 zinaanguka kwa wote. Weka mita kwenye volti 5, kisha chomoa sensa moja moja. Volti zikirudi ghafla, uliyoichomoa sasa hivi ndiyo yenye kosa. Zisiporudi baada ya kuzichomoa zote, ni waya, na kazi yako imekuwa ndefu.

Na wachomeleaji. Bakuli likipasuka porini, jenereta inaletwa, kishikio cha hasi kinabanwa popote kwenye minyororo, na moto unapita katika beringi na kompyuta kutafuta njia. Toeni hasi za betri, chomoeni plagi za kompyuta, baneni hasi ya kuchomelea karibu kabisa na ufa. Ni dakika 15. Nimechoka kulisema.

Usiku ule nililala palepale makusudi, kambini, ili niwahi umande. Saa kumi na mbili asubuhi mzee alifungua swichi. Maji 25, mafuta 25, hewa 24. Akapiga stata, akapandisha mkono wa kijiko juu kabisa, akaushusha, akanipungia kofia.

Sensa iliyorudi kwenye injini ni ya pili, ileile waliyoiita maiti. Mwenye mtambo alinilipa nusu ya tuliyokubaliana, kwa hoja kwamba sikubadilisha kitu. Nusu ya pili sijaipata hadi leo.